Kamera Aliyoikataa Shafi

Mwezi wa tisa mwaka 2005, Rajinder Singh alifungua kabati la kioo katika duka lake la picha mjini Bungoma, akatoa kamera nyeusi na kumkabidhi Shafi kwa mikono miwili, kama mtu anayempakatisha mwenzake mtoto mchanga.

"Piga," alimwambia.

Shafi alimlenga Rajinder mwenyewe, kilemba chake cha buluu na ndevu zilizoanza kuingia mvi, akabofya. Papo hapo, nyuma ya kamera, sura ya Rajinder ikatokea, inacheka. Shafi aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amepiga picha Kitale kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuiona hata picha moja siku aliyoipiga. Kila Jumatatu alikuja Bungoma na filamu zake mfukoni, Rajinder akaziosha, na hadi picha zitoke Shafi hakujua amevuna nini.

"Chukua," Rajinder alisema. "Toa elfu ishirini tu. Hiyo ingine utalipa polepole mpaka mwaka uishe. Riba sitaki. Wewe nakujua."

"Ngoja kwanza nifikirie, mzee."

"Fikiria, lakini usifikirie sana. Watu wa harusi hawangoji."

Hilo Shafi alilijua. Kule Kitale kulikuwa na mwenzake mmoja, Absalom, aliyekuwa amenunua kamera ya dijitali mwezi wa sita. Tangu hapo wachumba walimtafuta yeye, kwa kuwa aliwaonyesha picha kabla hata hawajaondoka kanisani. Shafi alibakiwa na picha za pasipoti, sherehe ndogo za shule, na watu wazima walioshikilia desturi.

Zulekha, mkewe, hakuona la kufikiria. Alishona sare za shule katika kibanda nyuma ya msikiti, na cherehani yake mwenyewe aliipata kwa mkopo wa chama cha akina mama.

"Cherehani ilikuwa deni," alimwambia. "Leo iko wapi hiyo deni? Imekwisha, na cherehani iko. Si ni hivyo tu?"

"Si hivyo tu, Mama Aaliyah."

Naye Zulekha hakubishana zaidi, maana alijua kilichokuwa kimemkaa mumewe rohoni. Siku ya kumzika Mzee Osman, baba yake Shafi, jeneza likiwa mbele ya watu, imamu aliuliza kama ilivyo desturi: kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze kwa wanawe. Kwa kawaida watu hunyamaza, au anajitokeza mmoja kwa sauti ya chini. Siku ile walijitokeza saba. Mmoja wao alikuwa muuza mkaa. Shafi alikuwa na miaka kumi na tisa, na ilimchukua miaka minne kuwalipa wote. Aliapa kwamba yeye hatakufa na shilingi ya mtu.

Basi akawa mtu wa kesho. Alisema wacha mfungo upite. Idd ikapita, akasema wacha Disemba iishe, harusi ni nyingi, huenda akapata ya kununua taslimu. Rajinder hakumsukuma. Kila Jumatatu kamera ilikuwa pale kwenye kioo, na kila Jumatatu Shafi aliiangalia, akachukua bahasha zake za picha, akaaga.

Jumamosi ya pili ya Disemba alikuwa na harusi katika mji mdogo wa Kachibora. Bibi harusi aliitwa Jelagat, binti wa mwisho wa Mzee Kibiwott, mkulima wa mahindi aliyewahi kuwa mwalimu. Mzee alikuwa mgonjwa wa tumbo tangu Aprili. Miezi miwili hakuwa ametoka nje ya chumba chake, na watu wa nyumbani walikuwa wamekubaliana kwamba harusi itafanyika bila yeye. Lakini asubuhi hiyo aliomba maji ya kuoga. Halafu akaomba koti lake la kufundishia. Walimleta kanisani kwenye pikapu ya jirani, wakamketisha kwenye kiti karibu na mlango, koti likimning'inia kama la kuazima.

Maharusi walipotoka, vigelegele vikipigwa na watu wakisukumana, filamu ya Shafi ikaisha. Akaitoa, akachomeka nyingine mbiombio huku akirudi kinyumenyume, akafunga kamera. Kwa kawaida alipenda kutazama kwanza kama ncha ya filamu imeshika barabara. Siku ile hakutazama.

Mzee Kibiwott alimwita kwa kidole.

"Mpiga picha. Nataka moja na mtoto wangu. Nikiwa nimesimama."

"Baba, kaa tu," Jelagat alimwambia. "Hata ukiwa umekaa itatoka vizuri."

"Nimekaa tangu Aprili."

Vijana wawili wakamshika makwapa, wakamwinua. Alipokuwa wima akawaambia wamwachie. Hawakutaka. Akawaambia tena, kwa ile sauti ya darasani, wakamwachia. Alisimama. Miguu ilimtetemeka ndani ya suruali, lakini uso aliuweka sawa, akamshika binti yake mkono, akamtazama Shafi. Shafi alibofya mara tatu, na baada ya ile ya tatu mzee alishusha pumzi, nao wakamdaka, wakamrudisha kitini. Watu walipiga makofi. Jelagat alikuwa analia, vipodozi vyote vimemwagika shavuni, anacheka.

Hapo ndipo Shafi alipokiona. Kile kifundo cha juu ya kamera, upande wa kushoto, ambacho huzunguka kila filamu inaposogezwa, hakikuzunguka. Alisogeza tena. Kifundo kimetulia. Filamu haikuwa imeshika. Ilikuwa imelala ndani ya kopo lake, na alichokuwa akipiga ni hewa tupu.

Au pengine ilikuwa imelegea tu, alijiambia. Na akifungua kuangalia, na kumbe ilikuwa imeshika, mwanga utaiunguza. Pia ilikuwa aibu. Amwambie nini mzee yule anayetweta kitini, na umati mzima unatazama? Simama tena, nilikosea? Bwana harusi, Kipkemboi, alikuwa tayari anamvuta kwenye keki. Shafi akaenda kwenye keki. Baadaye, nyuma ya choo cha kanisa, alifungua kamera, akaikuta filamu kama alivyoogopa. Akachomeka nyingine vizuri, akapiga nayo yaliyobaki ya sherehe, na ile isiyoshika akaiweka mfukoni. Alipotoka, Mzee Kibiwott alikuwa bado ameketi pale mlangoni, anaongea na wazee wenzake. Shafi alipita mbele yake, akamwinamia kwa adabu.

Jumatatu aliipeleka Bungoma hata hivyo. Mtu akizama hushika hata maji. Rajinder aliiosha, akaitoa nje ikiwa tupu toka mwanzo hadi mwisho, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Angalia hizi namba za pembeni. Zimetoka safi kabisa. Hiyo ni kusema dawa yangu iko sawa. Lakini picha hakuna hata moja. Haikushika, Shafi."

"Najua."

"Ulijua lini?"

Shafi hakujibu. Rajinder alitupa jicho kwenye kabati, akaiviringisha filamu, akaitia kwenye droo.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo Mzee Kibiwott alifariki. Ijumaa, Shafi akitoka msikitini, aliwakuta Jelagat na Kipkemboi wamesimama mlangoni pa studio yake. Jelagat alikuwa amejifunga leso kichwani, macho yamevimba.

"Tumekuja kuchukua ile ya baba akiwa amesimama," alisema. "Tuifanye kubwa, tuiweke juu ya jeneza. Mama amesema tukose vitu vyote lakini si hiyo."

Shafi alikuwa na usiku wote wa kupanga maneno, tangu aliposikia habari za msiba. Alikuwa amepanga kusema kweli. Lakini alipofungua kinywa, kilichotoka kilikuwa kingine.

"Poleni sana. Ile filamu... iliharibikia Bungoma. Kule kwa kuosha. Mashine iliiharibu."

Jelagat hakuelewa kwanza. Halafu akakaa chini kwenye kizingiti, pale pale, kama aliyekatwa miguu. Kipkemboi alimuuliza Shafi jina la duka, na Shafi akalitaja.

Juu ya jeneza waliweka picha ya kitambulisho, ile ya mwaka wa sabini na tisa, imekuzwa mpaka ikawa ukungu. Shafi aliiona kwa kuwa alikwenda mazishini. Mzee alionekana kijana mkali aliyekodoa macho, kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Wajukuu walikuwa wanaulizana huyo ni nani.

Tangu siku hiyo Shafi hakula akashiba. Zulekha alidhani ni kiwingu cha msiba, kisha akadhani ni ile kamera, na mwaka ulipogeuka Shafi mwenyewe ndiye aliyelianzisha.

"Nimekubali. Nitachukua ile deni."

Zulekha hakumuuliza kilichombadilisha. Alikwenda kwa wenzake wa chama, akarudi na elfu ishirini zimefungwa kwenye kitambaa cha sare, akamtilia mkononi.

Januari, Jumatatu ya pili, Shafi aliingia dukani kwa Rajinder. Kamera ilikuwa bado pale. Rajinder alimwagizia chai, akamuuliza hali ya Zulekha na ya mtoto, kisha akaketi.

"Yule mkwe wa mzee wa Kachibora alikuja hapa," alisema.

"Kipkemboi?" Shafi aliuliza.

"Alinitukana mbele ya wateja. Ati mimi nimemnyima baba yao sura. Preeti, binti yangu, alikuwa hapo kwa kaunta. Alilia."

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini? Nilikuwa na ile filamu hapa kwa droo. Ningemwonyesha namba, angetoka hapa akuje kwako moja kwa moja, na mtu mwenye msiba hashikiki. Nilimwambia pole. Nikampa pesa ya kuosha harusi yote."

Shafi aliweka kikombe mezani. "Mzee, nisamehe. Sijui ilitokaje kinywani."

"Nimekusamehe. Haya, hiyo imekwisha." Rajinder alijifuta ndevu. "Umekuja kuchukua picha za nani leo?"

Shafi alikitoa kile kitambaa mfukoni, akakiweka juu ya kioo bila kukifungua. Rajinder alikitazama, akaelewa.

"Kamera unaweza kununua," alisema taratibu. "Ukileta pesa yote, siku hiyo hiyo unaibeba."

"Lakini ulisema—"

"Nilisema wakati ule, bana. Wakati ule nilikuwa nakujua."

Hakulisema kwa hasira. Alisimama, akamhudumia mama mmoja aliyeleta picha za ubatizo, na Shafi akachukua kitambaa chake, akatoka.

Nyumbani alimweleza Zulekha yote, tangu kile kifundo mpaka kile kikombe cha chai. Zulekha alikuwa anakata kitambaa. Mkasi uliendelea kidogo kisha ukasimama.

"Miezi yote hii nilidhani unaogopa deni," alisema. "Pesa nitarudisha kesho. Kachibora utaenda lini?"

Alikwenda Jumapili iliyofuata. Jelagat alikuwa kwa mama yake, anachambua maharagwe kwenye uteo. Kipkemboi hakuwepo. Shafi alikataa kiti. Alisimama, akasema kwamba mashine ya Bungoma haikuharibu kitu, kwamba filamu haikushika, na kosa lilikuwa la mkono wake mwenyewe. Alisema pia kwamba yule mzee Singh alijua, akabeba matusi yasiyo yake.

Jelagat aliendelea kuchambua maharagwe kwa muda.

"Ulijua lini?"

Shafi safari hii alijibu. "Palepale kanisani. Baba akishaketi."

Mikono ya Jelagat ikasimama.

"Baba alikaa pale mlangoni mpaka saa kumi."

"Ndiyo."

"Ungemwambia." Sauti haikupanda. "Ungemwambia tu, mzee, imekataa. Angesimama tena. Wewe humjui baba. Siku ile angesimama hata mara kumi."

Mama yake alikuwa ametoka jikoni, ameshika mlango. Hakuna aliyemfukuza Shafi, wala hakuna aliyemkaribisha. Alingoja kidogo, kisha akawaambia kwaherini, akateremka kuelekea barabarani. Alipofika langoni alisikia maharagwe yakianza tena kupepetwa.

Kipkemboi alikwenda Bungoma mwezi wa pili kumwomba Rajinder radhi, na inasemekana walikunywa chai. Shafi alisikia kwa watu. Yeye alianza kuosha picha zake Kitale, kwa rangi zilizopauka, maana hakuwa na uso wa kupita mlango ule.

Kamera ya dijitali aliipata mwaka 2008, kwa mkopo wa chama, Zulekha akiwa mdhamini. Alilipa kwa miezi kumi na moja, hakuchelewesha hata mmoja. Siku aliyomaliza, Zulekha alimuuliza, "Sasa, lilikuwa zito?" Akasema hapana, na ilikuwa kweli, lilikuwa jepesi hata akaona haya.

Siku moja ya soko alikutana na Jelagat Kachibora, ana mtoto mgongoni wa kama mwaka mmoja, kichwa kimelala upande. Alimsalimu Shafi vizuri, akamuuliza habari za kazi. Shafi alikuwa na kamera shingoni. Alitaka kumwambia, ngoja nimpige mtoto picha, bila malipo, tuione papo hapo. Maneno yalimfika hadi kwenye meno.

"Kazi iko," alisema. "Namshukuru Mungu."

"Haya, basi," alisema Jelagat, akamrekebisha mtoto mgongoni, akaenda kuuliza bei ya viazi.