Mashine ya Profesa

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mvua ilikuwa inanyesha na vibarua wa msimu kumi na tisa walikuwa wamejipanga chini ya bati la ghala, kila mmoja na kizibao chake cha njano. Msimamizi aliwahesabu mara mbili. Ndani, juu ya mkanda, vilisubiri vifurushi elfu nne mia mbili na kumi na viwili. Ilikuwa Alhamisi, na zilibaki siku nne kabla ya sikukuu.

Madereva walimwita Bi Ratiba, naye hakuwahi kuwakataza. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia katika ghala hilo. Msimu ukifika, kazi yake ilikuwa kumpangia kila dereva kibarua wa kupanda naye ruti, kuwachunga vibarua hao hadi jioni, na kila Ijumaa kuwarudisha nyumbani watatu walio mkiani. Watatu hao hakuwachagua yeye. Mashine ndiyo iliyowachagua.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kuskani, ndogo, ya kushika mkononi. Kibarua akikabidhi kifurushi, anakiskani, mashine inalia, na kwenye skrini ya ofisini anaongezewa moja. Akipitisha nusu saa bila kuskani, jina lake linageuka jekundu, na msimamizi anampigia kwenye mashine hiyohiyo. Njia nyingine ya kumpata haikuwepo, kwa sababu simu za vibarua zilifungiwa kabatini tangu alfajiri. Kampuni ilikuwa imechoka na watu wa kuchati kwenye ngazi za wateja.

Kibarua wa kumi na tisa, aliyesimama mwisho wa foleni, alikuwa kaka yake.

Hakuna mtu ghalani aliyelijua hilo. Kanuni ilikataza kuajiri ndugu, na wao walichangia mama tu, kwa hiyo majina yao ya ukoo hayakuwaumbua. Kaka alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alifanya kazi ya uchapaji miaka thelathini na minne, akisoma karatasi zilizotoka motomoto na kuwinda makosa, mpaka kiwanda kikafungwa. Miezi minane sasa alikuwa analala chumba cha nyuma nyumbani kwa mdogo wake, na alikuwa amekwisha kupaka rangi kila kilichopakika humo. Ndipo alipomwambia amtafutie kazi, yoyote ile, maana akikaa mwezi mwingine mle ndani ataota mizizi. Kwa hiyo akaingizwa kwenye orodha. Mwisho wa msimu kampuni ingewabakiza vibarua wawili moja kwa moja, wapange vifurushi wakiwa wamekaa. Nafasi moja kati ya hizo ndiyo Bi Ratiba aliyomtolea macho.

Ghalani walimpa jina la Profesa. Miwani yake ilining'inia kwa uzi, na kabla ya kubisha mlango alisoma anwani yote kwa sauti, kama anayetafuta kosa. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Wenzake waliacha kifurushi mlangoni na kukata mbuga. Yeye alibisha, akasubiri, akakabidhi mkononi, akauliza kama boksi limefika zima. Wenzake walikuwa na mtindo mwingine pia, walioufundishwa na madereva: kupiga chini. Unafika kwenye jengo, unaskani vifurushi vyote pale mlango wa kuingilia, mashine inalia mfululizo, halafu ndiyo unapanda ngazi. Ofisi ililijua jambo hilo na ilifumba macho, kwa kuwa hesabu zilipendeza. Profesa hakupiga chini hata mara moja. Hadi Jumatano jioni alikuwa wa pili kutoka mkiani.

Jioni hiyo, wakiwa mezani, mdogo wake alimweleza waziwazi kwamba Ijumaa jina lake litatoka, na kwamba dawa yake ilikuwa kupiga chini kama wengine. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani.

"Mashine itasema nimefikisha kitu ambacho bado ninacho mkononi."

"Kwa dakika kumi tu, kaka."

"Dakika kumi ni nyingi, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyezaliwa na saa mkononi, unajua."

Akacheka, akaenda kulala. Bi Ratiba aliondoa vyombo mezani, akaamua kumzunguka.

Ndiyo maana Alhamisi hiyo, foleni ilipovunjika na magari yakaanza kupakiwa, alimvuta pembeni dereva wa kaka yake. Dereva huyo alijiita Injini, na mdomo wake haukuwa na breki. Alimwagiza amwambie Profesa kwamba mashine yake ni mbovu leo, kwamba abebe tu. Mashine hiyo Injini akae nayo garini, na sehemu ya vifurushi atakavyofikisha mwenyewe aviskani kwa jina la Profesa. Siku mbili za namna hiyo zingetosha.

"Bosi, huyu mzee ni nani wako?"

"Ni kibarua wako. Fanya nilivyosema."

"Nafanya. Nauliza tu, maana Profesa akibisha mlango, unaweza kwenda kunyoa, ukarudi ukamkuta bado amesimama palepale."

Saa moja na nusu gari la Injini lilitoka langoni, kaka yake akiwa kiti cha mbele, ameshika orodha ya anwani karibu na macho.

Asubuhi ilikwenda kama asubuhi zote za wiki hiyo. Kibarua mmoja aliteleza akachubuka goti. Mwingine alinyang'anyana kifurushi cha viatu na mbwa wa watu, akashindwa. Watatu waligeuka wekundu kwenye skrini, akawapigia, wakaapa kwamba lifti ndiyo iliyowachelewesha, na mmoja wao alikuwa kwenye ruti isiyo na lifti hata moja. Jina la Profesa halikugeuka jekundu. Lilipanda taratibu, moja, moja, mbili. Saa nne na dakika kumi na mbili liliruka kwa vifurushi kumi na vitatu kwa mpigo, na Bi Ratiba akasema moyoni kwamba Injini ametia chumvi. Saa tano na nusu kaka yake alikuwa wa sita kutoka juu. Hapo ndipo msimamizi alipokula mkate wake aliokuja nao tangu alfajiri.

Saa sita na robo Injini alipiga simu. Aliuliza kama Profesa amerudi ghalani.

Maelezo yake yalikuja vipande vipande, na kwa mara ya kwanza bila mzaha. Saa mbili na dakika tano alimshusha mzee kwenye jengo la ghorofa nne lisilo na lifti, na toroli lenye vifurushi kumi na vitatu. Walipatana wakutane saa nne kwenye kona ya duka la dawa. Saa nne hakumwona. Alisubiri dakika kumi. Juzi yake mzee alikuwa amemaliza mapema, akatangulia kwa miguu jengo linalofuata, kwa hiyo Injini alidhani amefanya vilevile. Aliviskani vile kumi na vitatu ili ruti isichafuke, akaendelea. Sasa ameizunguka mitaa ile mara mbili.

Bi Ratiba aliinua macho kwenye skrini. Jengo la kwanza lilikuwa la kijani: vifurushi kumi na vitatu, vyote vimefika, saa nne na dakika kumi na mbili.

"Hilo la kwanza limekamilika," alisema. "Atakuwa la pili au la tatu. Panda ngazi za hayo mawili."

Injini akaenda kupanda ngazi za majengo mawili ambayo Profesa hakuwahi kuyafikia. Hakuna kati yao aliyekumbuka, kwa dakika ishirini na tano, kwamba rangi ile ya kijani waliiweka wao wenyewe.

Saa saba kasoro dakika ishirini simu ya ofisi ililia. Mpangaji wa ghorofa ya nne, aliyekuwa amerudi kutoka kazini kubadili nguo zilizolowa, alisoma namba ya ofisi kwenye kizibao cha njano, akapiga. Alisema kuna mzee wenu amekaa kwenye ngazi za mwisho, ameegemea ukuta, macho wazi, upande mmoja haufanyi kazi, na hasemi. Pembeni yake kuna maboksi mawili, amekwisha kuyapanga moja juu ya jingine. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Ngazi zile zilikwenda kwenye vyumba viwili tu, na wenyewe wote hushinda kazini.

Bi Ratiba alifika hospitali saa saba na dakika kumi. Kwenye dawati la mapokezi waliuliza yeye ni nani wa mgonjwa, akajibu kwamba ni msimamizi wake wa kazi, wakaandika hivyo.

Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini asiyepoteza neno. Alisema ni kiharusi, cha damu kuganda, na picha ya kichwa imekwisha kupigwa. Dawa ya kuyeyusha damu hiyo ipo, na muuguzi alikuwa ameishika. Lakini hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Muda huo ukishapita, dawa hiyohiyo inaweza kumwaga damu ndani ya ubongo. Alichohitaji kwa Bi Ratiba ni kitu kimoja tu: saa.

Bi Ratiba alitoa simu. Ratiba ya siku ilikuwa humo, na daktari aliinama akaisoma mwenyewe.

"Hapa kuna saa nne na dakika kumi na mbili. Amekabidhi vifurushi. Basi alikuwa mzima. Tuna zaidi ya saa moja mkononi."

Muuguzi alianza kufungua sindano.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Kila mtu mle chumbani alitaka saa ile iwe ya kweli, na simu ilisema ni ya kweli. Mwingine aliyejua ukweli alikuwa Injini, na Injini hakuwepo. Kaka yake alikuwa kitandani hatua tatu kutoka pale, mashavu yake hayalingani, jicho moja likimfuata mtu yeyote aliyepita.

"Saa hiyo si yake," alisema Bi Ratiba. "Mashine hakuwa nayo. Dereva ndiye aliyebonyeza, na mimi ndiye niliyemtuma."

Daktari aliinua mkono, na muuguzi akasimama.

"Yeye mwenyewe alionekana saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika tano, aliposhushwa. Lakini maboksi kumi na moja aliyakabidhi mkononi. Huwa hayaachi mlangoni. Wapo watu waliomwona."

Namba za wateja zilikuwa kwenye ratiba. Alianza na wa mwisho, chumba cha ghorofa ya tatu kilicho mkabala na ngazi za juu, na akafungua sauti ili daktari asikie. Alipokea mama mmoja. Nyuma yake cherehani ililia, kisha ikanyamaza. Ndiyo, boksi lake la vitambaa alilipata. Saa ngapi? Saa tatu kasorobo. Alikuwa na hakika, kwa kuwa mteja wake wa saa tatu alikuwa hajafika, naye alikuwa anamalizia pindo lake huku akitazama saa ya ukutani.

"Alikuwaje, mama?"

"Yule mzee? Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Anataka kunisomea anwani, maneno yanamtoka kama ana uji mdomoni. Nikasema moyoni, mtu mzima mzima, asubuhi yote hii, kashalewa. Nikachukua boksi langu nikafunga mlango. Kwani ana nini?"

Bi Ratiba alimshukuru, akakata simu. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika ishirini na nne. Daktari alisema kwa sauti ileile kwamba saa tatu kasorobo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza, na kwamba hata mtu akijidanganya akahesabu kuanzia hapo, muda uliisha dakika tisa zilizopita. Hatamchoma dawa hiyo. Atamlaza, atampa zilizobaki, na watasubiri.

Hesabu nyingine Bi Ratiba aliifanya mwenyewe, amesimama, bila kuombwa na mtu. Kama mashine ingekuwa mkononi mwa kaka yake, angeskani mara ya mwisho saa tatu kasorobo. Saa tatu na robo jina lake lingekuwa jekundu. Saa tatu na dakika kumi na sita angempigia. Injini wakati huo alikuwa mitaa mitatu kutoka pale. Ngazi zile mtu mzima huzipanda kwa dakika mbili. Aliirudia kutoka mwanzo, akitafuta mahali alipokosea kujumlisha, na hakupapata.

Daktari alirudi na karatasi. Ilisema dawa haikutolewa na sababu yake, na chini ilihitaji saini.

"Kuna ndugu yake tunayeweza kumpata?"

"Mimi ni mdogo wake. Mama yetu mmoja."

Daktari alitazama kitambulisho cha kampuni kilichokuwa shingoni mwake, kisha dawati la mapokezi, kisha akamwonyesha mstari. Bi Ratiba alifuta maneno "msimamizi wa kazi" yaliyonakiliwa kutoka mapokezi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika uhusiano wake juu yake, akaandika saa, akatia saini.

Saa saba na dakika thelathini na tano, muuguzi alirudisha kichupa cha dawa kwenye jokofu akalifunga.