Masale ya Usa River

"...akalia, Swabaha! Mzee Rodrick, yule mkali mwenye mabasi, kalia kama mtoto mbele ya lori la vitunguu!"

Nashilu alikuwa hajavua hata koti la njano la kazi. Swabaha, aliyepanga naye chumba mtaa wa Sakina, akazima jiko.

"Pumua kwanza, shosti. Anza mwanzo."

Mwanzo ulikuwa asubuhi. Nashilu, aliyemaliza chuo cha usafirishaji juzi juzi, ni msaidizi kwenye pikapu ya doria, ile inayozunguka barabara ya Moshi kuwasaidia walioharibikiwa magari. Wenye mabasi ndio wanaoichangia, na leo mwenyekiti wao, Mzee Rodrick, alipanda mwenyewe aamue iendelee au ifutwe. Ikifutwa, Nashilu anarudi kwao kukamua ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dizeli yetu mnainywa nyie au gari?"

Wakazunguka weee, hata pancha hakuna! Nashilu akaomba kimoyomoyo gari la mtu liharibike, akatubu, akaomba tena. Akajitetea kwamba lori likilala konani bila taa linaua, na kwamba juzi tu wameondoa moja kabla basi halijalivaa.

"Dereva wa kweli anakata majani, anatandika barabarani, wenzake wanaona," mzee akasema. "Majani ni bure, binti."

Hajafunga mdomo, majani hayo hapo, karibu na Usa River! Mabichi, yamepangwa lamini. Ila yalikuwa masale, yale marefu yanayopandwa kwenye ua wa mashamba.

"Simama! Usiyakanyage!" mzee akapiga kelele.

Maana kwa Wachaga kama mzee, ukimkosea mtu unampelekea sale, naye akishaliona hawezi kukataa kusamehe. Na aliyesimama pale kando ya lori la vitunguu lililokatika propela na kukwama alikuwa Dismasi, mdogo wake, ambaye hawajasalimiana tangu wagombanie kihamba, shamba la urithi la baba yao.

"Mdogo wangu, umetandika barabara nzima!" mzee akamkumbatia huku machozi yanamtiririka. "Jani moja tu lingetosha!"

Dismasi, mikono imejaa grisi, akamtazama Nashilu juu ya bega la kaka yake. Maskini, alikuwa amekata tu kwenye ua wa shamba la watu, hakukuwa na majani mengine karibu! Nashilu akaweka kidole mdomoni.

Swabaha akaangukia kitanda. "Mwongo wewe!"

"Haki ya Mungu! Na doria inaendelea! Kasema dizeli ni ghali, lakini siku zote akimkuta Dismasi njiani anafunga vioo anapita. Leo kapanda gari ambalo lazima lisimame, ndipo wamepatana."

"Na Dismasi je? Atasema ukweli?"

"Ndiyo hapo sasa! Kesho wanachinja mbuzi, ukoo mzima upo, na yeye kaambiwa asimame aeleze alivyoguswa moyo hadi akatandika masale. Mimi nimealikwa. Kesho nikirudi nakumalizia yote, na ukiwa umelala nakumwagia maji!"