Pipa la Bogna

Siku binti yangu Bogna alipozaliwa nilizika pipa. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: unapika vodka ya rai, ile nafaka ya mkate mweusi, unaitia kwenye pipa la mwaloni lililowahi kuwekwa mvinyo, unalizika chini ya ghala, na hulifukui mpaka mtoto afunge ndoa. Tunaiita starka. Rai ilitoka shambani kwangu, na niliipika mara mbili kwenye mtambo wa shaba wa marehemu baba, kwa moto mdogo wa kuni.

Miaka ishirini na saba sikuligusa. Na msikie vizuri, maana kijiji hiki kina midomo! Nilikunywa ya dukani, nikanywa ya majirani, na mwaka aliokufa mke wangu Halszka nilikunywa hata spiriti ya kuchulia mgongo. Lakini pipa la mwanangu, haki ya Mungu, sikuligusa. Mlevi gani mwingine anaweza kusema hivyo?

Wiki ya harusi tulilifukua, mimi na shemeji yangu Gerwazy. Ilitoka na rangi ya asali. Nikaishika kidogo mdomoni, bila barafu, bila haraka: ganda la mkate wa moto, tufaha lililokaushwa, kisha joto likateremka taratibu kifuani. Nikalia.

"Acha kulia, Zenon, utaimaliza kabla bibi harusi hajaiona."

"Funga domo lako. Nimeonja tu."

"Hata kwenye ubatizo wake ulionja tu, tukakuokota mtaroni."

Siku ya harusi ikafika. Mlangoni mwa ukumbi mzazi huwapokea maharusi kwa mkate, chumvi na glasi mbili ndogo, moja ya vodka na moja ya maji. Atakayepata vodka ndiye atakayetawala nyumba. Wakishakunywa huzitupa glasi nyuma ya bega zivunjike. Mimi nilizijaza zote mbili starka. Maji ya nini siku ile? Nilitaka binti yangu anywe kitu kimoja kizuri nilichowahi kumfanyia.

Mkwe wangu Ksawery akaipiga yake, macho yakamtoka. "Lo, baba mkwe! Hii ni dhahabu!"

Bogna akainusa yake. Hakunywa.

"Baba, maji yako wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini, huku akiwatabasamia wapiga picha.

"Onja tu, mama. Hii ni yako."

"Ulikuwa ukirudi unanibusu na harufu hii hii."

"Hii siyo ile! Hii sijaigusa miaka ishirini na saba. Muulize mjomba wako."

Tabasamu likamfutika usoni.

"Hata mama alipokufa?"

"Hata mama yako alipokufa."

"Kumbe ulikuwa unaweza kujizuia, baba."

Akaitupa glasi nyuma ya bega, imejaa. Ikavunjika, wageni wakashangilia, bendi ikaanza kupiga. Nikabaki nimeshika sinia, na aibu niliyoiona pale sikuwahi kuiona hata siku ile waliponitoa mtaroni.