Kipashe Moto Kwanza

Mtu aliyechoka husikia nusu ya neno, nusu iliyobaki hujijazia mwenyewe. Wewe uliye na mtoto mwenye huruma nyumbani, soma haya ungali macho, kabla hujaletewa kiumbe mlangoni.

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Chumba chake cha mbele hakikuwa na kiti wala kabati, ila meza ndefu, pasi ya mkaa, na nguo za watu zilizorundikwa hadi usawa wa dirisha. Alianza kunyoosha mashati ya watu mziwanda wake hajaota meno, na sasa mziwanda ana meno yote, na maneno mengi kuliko meno.

Siku hiyo miguu ilikuwa imemvimba mpaka kandambili zinambana. Mumewe, mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji, alikuwa amelala chumba cha pili, akikoroma kama mashine ya kusaga. Mziwanda akaingia kutoka shule amelikumbatia sweta lake.

"Mama, usinigombeze kwanza."

"Ukianza hivyo nitakugombeza tu. Nini hicho?"

Ndani ya sweta mlikuwa na vitoto viwili vya paka, kimoja cheusi, kimoja cheupe. Macho yamefumba, masikio yamelala kichwani, mikia kama uzi wa kushonea viatu. Mama yao, yule paka wa uchochoroni nyuma ya duka la mikate, alikuwa amegongwa na gari asubuhi, navyo vimebaki ndani ya boksi juu ya karatasi zilizolowa.

"Virudishe."

"Nivirudishe kwa nani?"

Mama Pasi akatazama lile rundo la nguo, akaitazama miguu yake. Hakuwa na nafasi ya kulea hata chawa.

"Mama, vitaishi?"

Hapo ndipo alipoanza kukosea, na kosa lenyewe akina mama wengi hulifanya kwa mapenzi. "Vitaishi," alisema. "Nimelea watoto wanne, nitashindwa na hivi vya kujaa kiganjani?"

Usimwahidi mtoto kitu ambacho hakimo mkononi mwako. Mziwanda aliamini palepale. Akavipa majina, Makaa na Chumvi, akatumwa mbio kwenye duka la dawa za mifugo, akarudi na maziwa ya unga ya vitoto vya paka na kichupa chenye chuchu. Muuzaji alikuwa na wateja wengi. Alisema apigiwe simu aeleze namna ya kuvinywesha.

Mama Pasi alikuwa tayari jikoni anakoroga maziwa kwenye kikombe.

"Baba watoto! Amka umpigie muuza dawa, mimi mikono imejaa maziwa!"

"Nimelinda saruji usiku kucha, sasa nilinde na paka?"

"Piga simu, mume wangu. Utalala kaburini."

"Huko nako utakuja kuniamsha."

Alipiga, lakini macho hakuyafumbua. Simu aliilalia kama mto. Mama Pasi alisimama na kikombe chake, shingo kaigeuzia mlangoni.

"Anasemaje?"

"Anasema kipashe moto kwanza. Usianze kabla hakijapata joto."

"Kingine?"

Kingine kilikuwa mkoromo. Muuza dawa aliendelea kueleza, na aliyekuwa akisikiliza ni mto.

Sasa mwanamke ameshika kikombe, anaambiwa kipashe moto, atapasha nini? Kitoto ni ki, kikombe ni ki, kijiko ni ki, na kichwa cha mtu aliyechoka nacho ni ki. Akakitumbukiza kikombe kwenye sufuria ya maji ya moto, akangoja, akayamimina kwenye kichupa, akadondoshea tone kwenye mshipa wa mkono kama alivyofanya kwa wanawe wote. Joto sawasawa. Hata akajisifu moyoni kwamba kazi ya kulea haisahauliki.

Akamchukua Makaa. Kilikuwa baridi kama kijiko kilicholala nje. Baridi hiyo aliihisi, msidhani hakuihisi, ila alisema peke yake, "Kikishiba kitapata joto." Akakilaza chali kwenye kiganja, kama anavyolazwa mtoto wa mtu, akakitia chuchu mdomoni. Hakikunyonya. Akaminya. Maziwa yakaingia, povu likatoka puani, kikajikunja mara moja kisha kikatulia.

"Kimeshiba, kimelala," alimwambia Mziwanda.

Chumvi alikataa kabisa kufungua mdomo. Mama Pasi alitaka kulazimisha, mara mlango ukagongwa, mtu kafuata shati lake la harusini, na pasi ilikuwa imepoa. Akaacha. Ubishi wa Chumvi ndio uliomwokoa.

Mziwanda ndiye aliyekuja kugundua. Mama yake alikuwa anamalizia kola ya lile shati alipohisi mtu amesimama nyuma yake.

"Makaa hapumui."

Mama Pasi aliweka pasi chini. Alikigeuza kitoto, akakisugua, akakipulizia puani. Hakuna. Alipoinua macho alitegemea kilio, naye alikuwa tayari kwa kilio. Mtoto hakulia. Alimtazama tu mama yake.

"Ulisema," akanena.

Akamtwaa Chumvi, akaingia chini ya meza, akampa mama yake mgongo.

Mama Pasi alishawahi kutukanwa na wateja, na mawifi, na mwenye nyumba, na hakuna tusi lililowahi kumkaa kama neno lile moja. Akaichomoa simu chini ya sikio la mumewe, akapiga mwenyewe, safari hii amesimama wima.

"Kaka, kimoja kimekufa. Na nilikipasha! Nilikipasha mpaka kikawa sawasawa."

"Ulikipashaje, mama?"

"Si kwenye maji ya moto, kwani wapi?"

Muuza dawa akapandisha sauti. "Mama. Umekitia kitoto kwenye maji ya moto?"

"Kitoto gani? Kikombe!"

"Lo! Mimi nilisema kitoto. Kitoto kichanga namna hiyo hakina joto lake, joto lake ni mama yake. Kikiwa baridi tumbo halifanyi kazi, na kumeza hakiwezi. Ulikilaza vipi?"

"Chali."

"Na hilo nililieleza. Kilale kifudifudi, kama kinavyonyonya kwa mama yake. Ukikilaza chali maziwa yanakwenda mapafuni. Usiminye chuchu, kiache kivute chenyewe. Kikimaliza ukipanguse nyuma, maana hata kukojoa hakiwezi mpaka kilambwe."

"Kilambwe?"

"Kwa pamba, mama. Pamba na maji ya vuguvugu. Usinielewe vibaya tena."

Siku nyingine angecheka. Alikata simu akainama chini ya meza. Magoti yalilia kama mlango wa kale.

"Nipe Chumvi."

"Sikupi."

"Mziwanda."

"Utamuua naye."

Mkono wa Mama Pasi uliinuka wenyewe, kwa mazoea, kisha ukashuka. Akajisogeza, akaketi sakafuni karibu na mwanawe, kichwa kikigusa ubao wa meza.

"Nilisikia vibaya," alisema. "Nilipasha kikombe, kumbe nilitakiwa nipashe hicho ulichoshika. Hicho kinakufa kwa baridi, siyo kwa njaa. Ukiendelea kuninunia, kitakufa mikononi mwako, nawe utabaki na nani wa kumnunia?"

Mtoto alifikiri. Akanyoosha mikono bila kugeuka.

Mama Pasi alikitia kifuani, ndani ya blauzi, ngozi kwa ngozi, juu yake akafunika taulo alilolipitishia pasi na kulijaribu kwanza shavuni, lisije likaunguza. Baridi ya kile kiumbe ilimpenya mpaka akashtuka. Akakaa. Hakunyoosha nguo, hakuosha chombo. Mlango ukagongwa, sauti ya mwalimu wa jirani ikauliza kama suruali yake iko tayari.

"Bado, mwalimu. Vaa iliyokunjamana, nayo ni suruali."

Walikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Mama Pasi alikuwa anasinzia na kugutuka, anasinzia na kugutuka, kila akigutuka anatia mkono kifuani. Mwishowe alihisi kitu kinatambaa. Kidogo, kama mdudu. Kisha mdomo mdogo ukaanza kumtafuta ngozini, unapekua kushoto, unapekua kulia, kwa hasira.

"Leta chupa," alinong'ona.

"Mimi nitamnywesha," alisema Mziwanda. "Wewe nielekeze."

Wakamlaza Chumvi kifudifudi juu ya taulo, kichwa kimeinuka kidogo. Mziwanda akaisogeza chuchu, hakuminya. Kitoto kikaipoteza, kikaipata, kikaishika. Masikio yakaanza kucheza kwa kila funda. Mtoto akafungua mdomo kustaajabu, akamwangalia mama yake, kisha akakumbuka kwamba amemnunia, akainama tena.

Baba alipoamka kwenda kazini aliwakuta hapo sakafuni.

"Vimekula?"

"Kimoja."

Alikiona kile kingine, kimefunikwa kitambaa pembeni ya pasi. Akakuna kichwa.

"Kwani nilisema vibaya?"

"Ulisema alivyosema yeye."

"Sasa kosa la nani?"

"La usingizi," alijibu Mama Pasi. "Nenda kazini, baba. Mzike Makaa nyuma ya choo ukipita, mimi siwezi kuinama tena."

Aliondoka na kile kitambaa mikononi, polepole kama mtu aliyebeba yai.

Hazikupita dakika nyingi Chumvi akalia tena. Vitoto hivi havina adabu ya kungoja; kinakula, kinalala, kinadai. Mama Pasi aliweka viganja sakafuni ainuke, miguu ikagoma. Akajaribu tena. Mziwanda alikuwa tayari amesimama, ameingiza mkono ndani ya taulo kuhisi tumbo la kitoto kabla hajagusa chupa.

"Nikusaidie?" aliuliza Mama Pasi.

"Nikikuhitaji nitakuita, Mama."

Hakulisema kwa ukali, wala kwa upole. Mama Pasi akaegemeza kichwa kwenye rundo la nguo za watu, zenye mikunjo zote, akafumba macho.