Kuku wa Shimoni

Gitau alipofika nyumbani kwa Akaale mjini Lodwar, hakubisha hodi. Alisukuma lango la mabati, akasimama katikati ya bustani ya sukuma wiki na viatu vyake vya ofisini, akawaangalia kuku mmoja mmoja kama mtu aliyeota mbuzi wake wako kwa jirani. Akaale alikuwa amechuchumaa akiwamiminia maji kwenye sufuria kuukuu. Alimtambua mara moja, na hasira aliyodhani imeshapoa ikampanda tena.

"Mama Ebenyo, ejok," akasema Gitau.

"Ejok nooi," akajibu Akaale, kwa sababu hata mtu kama huyu huwezi kumnyima salamu.

"Naona kuku zetu zimenona."

Zetu! Akaale aliweka kibuyu cha maji chini polepole. Ili uelewe kwa nini neno dogo kama hilo lilimchoma hivyo, ni lazima ujue kuku hao walitoka wapi.

Miezi kumi nyuma Akaale alikuwa mfagiaji kwenye mradi wa kuku huko Kakuma. Ulikuwa na banda refu, kuku mia mbili wa mayai ndani ya vizimba vya waya, na bango langoni lililosema kuku hao ni wa kuinua akina mama. Akina mama wenyewe, wenyeji na wakimbizi, waliishia kuliona bango. Msimamizi alikuwa Gitau, kijana wa kutoka huko chini, upande wa Nairobi, mwenye adabu na shati lililopigwa pasi kila siku. Kisha mfadhili akafunga mkono, chakula cha kuku kikaisha, na amri ikaja kwamba mradi ufungwe ndani ya wiki moja. Gitau akapekua karatasi zake, akatangaza kwamba mali ya mradi haiwezi kugawiwa mtu asiyekuwa kwenye orodha, na orodha yenyewe hakuna aliyekuwa ameiandika. Tena, akasema, kuku hao wamemaliza kutaga. Tena, wakigawiwa langoni watu watakanyagana.

Basi wakachimba shimo.

Hebu lifikirie jambo hilo. Ni Kakuma, mahali ambapo mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa mpaka mama anapima maharagwe kwa kikombe cha chai, na nje ya ua watu wamesimama wakisikia kelele za kuku. Ndani ya ua, watu wazima wenye vyeti wanawatupa kuku wazima shimoni na kuwamwagia chokaa. Akaale alisimama na ufagio wake hajui aufanyie nini. Aliwahi kuona ukame ukimaliza mbuzi wa baba yake. Aliwahi kuona wezi wa mifugo wakiteremka upande wa Kainuk na bunduki. Lakini hata mwizi, akishaiba mbuzi, anajua mbuzi ni wa nini. Kumfukia mnyama aliye hai huku mwenye njaa akitazama, hilo hakuwahi kuliona, na hakuwa na jina la kuliita.

Gitau alikuwa ofisini akiandika ripoti. Erupe, mlinzi, akageuza uso akatazama barabara. Akaale akashuka shimoni na gauni lake la kazi, akawatoa wale aliowafikia kabla udongo haujaanza kumwagwa. Walikuwa tisa. Aliwatia kwenye magunia mawili aliyoyatoboa matundu, na lori lililokuwa likirudi Lodwar tupu likambeba yeye na mizigo yake ikilia njia nzima.

Walikuwa kuku wa kusikitisha hasa. Vifua vitupu, vyekundu. Midomo imekatwa ncha. Kucha ndefu zilizopinda kwa kutoguswa na ardhi tangu kuanguliwa. Siku ya kwanza hawakutembea. Walikaa palepale alipowatua, wakishangaa mchanga. Jani la sukuma likitikisika kidogo tu, wote wanarundikana pembeni. Hawakujua kuparua! Umewahi kuona kuku asiyejua kuparua? Akaale aliwafundisha kwa vidole vyake mwenyewe, akifukua udongo penye unyevu, akitoa mchwa, akiwawekea mbele ya miguu, mpaka siku ya nne mmoja akajaribu, akaanguka kifudifudi, akainuka akajaribu tena.

Majirani walicheka, na waliocheka zaidi walikuwa wa ukoo wake. Shemeji yake Lotiir, mzee aliyekuwa na ngamia zamani na sasa amebakiwa na mbuzi wachache, kila akipita alitema mate pembeni ya lango.

"Mke wa ndugu yangu anachunga ndege," alisema. "Mwaka ujao utachunga nzi."

"Nzi nazo zikitupwa na watu wa mradi, nitachunga," Akaale alimjibu.

Aliwajengea banda la makuti ya mkoma kwenye kivuli cha ukuta. Aliponda maganda ya mathenge, ule mti wa miiba, akachanganya na vichwa vya dagaa alivyopewa na wachuuzi wanaotoka Kataboi, ziwani. Aliwamwagia majivu wajigaragaze, chawa wakawatoka. Mwezi wa pili manyoya yakaanza kuota, ya rangi ya udongo uliochomwa. Mwezi wa tatu, asubuhi moja alipokuwa akinyunyizia mboga maji, akakuta yai chini ya sukuma, bado la moto. Akaketi palepale, akalishika mpaka likapoa, akicheka peke yake kama mwendawazimu.

Tangu hapo alipata mayai matano kila siku, siku nyingine sita. Hakuwa na kazi tena, na mwanawe Ebenyo alikuwa mbali akitafuta yake. Mayai hayo ndiyo yaliyomfanya ale bila kwenda kuomba kwa mtu. Akijifungua mwanamke mtaani, Akaale alikuwa wa kwanza kufika, na yai mkononi.

Hao sasa ndio kuku walioitwa "zetu" na Gitau.

"Mkaguzi anakuja kutoka Nairobi," Gitau akaeleza, akikunjua karatasi. "Anataka kuona mama aliyefaidika na mradi. Nimesikia wewe bado uko na kuku. Hapa imeandikwa ulipewa kuku tisa, ukapewa mafunzo, ukapewa chakula ya kuanzia. Wewe weka sahihi tu."

"Mafunzo gani?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Nisipoweka?"

Gitau alishusha pumzi kama mtu anayeonewa. "Usipoweka, basi hukupewa. Na kama hukupewa, ulichukua mali ya mradi bila ruhusa. Hiyo ni wizi. Nitaleta gari nibebe kuku, na nitaenda polisi. Mimi sitaki tufike hapo. Mkaguzi anakuja keshokutwa."

Akaenda zake, na lango hakulifunga. Akaale alibaki amesimama, kuku wakimzunguka miguuni wakidai chakula. Kwa hiyo ndivyo ilivyo: akisema uongo, yeye ni mama aliyeinuliwa, akisema kweli, yeye ni mwizi. Na aliyewafukia wenzao ana kalamu mfukoni na shati safi. Alitamani kumfuata barabarani na ule ufagio.

Jioni akaenda kwa Lotiir. Hakwenda kwa kupenda, ila mambo ya mifugo na watu Lotiir aliyajua kuliko yeyote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kutema mate hata mara moja. Habari ya shimo hakuwahi kuisikia. Akaale alikuwa ameona haya kuisimulia.

"Walikuwa hai?" akauliza.

"Walikuwa hai."

Lotiir akasogeza kigoda chake karibu. "Hiyo mtu alikushikisha kuku kwa mkono?"

"Hapana."

"Watu waliona?"

"Waone nini, na hakunipa?"

"Basi hujapewa. Mnyama hapewi kwa karatasi. Mwenye kutoa anamshika, anamweka kwa mkono yako, watu wanaona, na baada ya hapo hawezi kumrudia hata akilia." Akakuna kidevu. "Na mtu akishakupa mnyama, ni mtu yako. Unaweza kumuuliza kitu yoyote mbele ya watu, lazima ajibu. Mwambie atoe kwanza, ndio uandike."

Siku ya ukaguzi Gitau alifika na gari jeupe. Pamoja naye alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na faili, akajitambulisha kwa jina la Chepngetich, akamsalimia Akaale kwa mikono miwili. Kwenye kivuli cha ukuta walikuwa wameketi majirani kama kumi, na Lotiir mbele yao kwenye kigoda chake. Gitau aliwaona, akasita kidogo.

"Nitaweka sahihi," Akaale akamwambia kabla hajafungua mdomo. "Lakini kwetu mnyama anapewa kwa mkono. Karatasi peke yake haitoshi. Nipe hizi kuku, watu waone, ndio niandike."

Gitau akatabasamu mpaka magego. "Unaona, madamu? Utamaduni. Hii lazima ipigwe picha."

Akakunja mikono ya shati. Akawafukuza kuku bustanini, akakanyaga sukuma mbili, mkaguzi akipiga picha, majirani wakijizuia kucheka. Mmoja mmoja aliwakamata, mmoja mmoja akawaweka mikononi mwa Akaale, naye akawapokea na kuwaachia ndani ya banda. Kila mara Lotiir aliitikia kwa sauti, "Tumeona." Mpaka wa tisa. Gitau akapangusa jasho, akatoa karatasi na kalamu.

"Asante," akasema Akaale. Kalamu hakuipokea. "Sasa umenipa, wewe ni mtu yangu. Nikuulize neno moja."

"Uliza tu, mama."

"Zile zingine uliwapa nani?"

Gitau akacheka kidogo. "Vikundi ya akina mama, kule Kakuma. Madamu ako na ripoti."

"Nimeuliza wewe. Kuku zilikuwa mia mbili. Mimi nilikuwa nafagia pale mpaka siku ya mwisho. Niambie jina ya mama moja."

Chepngetich aliacha kupiga picha, akamgeukia Gitau akingoja. Gitau akatazama faili, akatazama gari. Kakuma ina maelfu ya wanawake, na yeye alikaa kule miaka miwili akiwainua. Hakuwa na jina hata moja.

"Huyu mama ni mwizi," akasema hatimaye, na adabu yote ikamwisha. "Hizi kuku aliiba. Nilitaka kumsaidia tu."

"Umempa sasa hivi," akasema Lotiir kutoka kwenye kigoda chake. "Kwa mkono yako. Mwenyewe madamu ameipiga picha."

Wakati huo kicheko kiliwatoka majirani, lakini Akaale hakucheka. Wala Chepngetich.

"Mama," mkaguzi akasema, "hawa kuku uliwatoa wapi?"

"Kwa shimo. Walichimba, wakatupa zote, wakamwaga chokaa. Zikiwa hai. Watu wakiwa nje ya ua na njaa. Mimi nilifikia tisa." Sauti yake ilikatika, naye akaiacha ikatike. "Zingine nilisikia zikilia mpaka udongo ikawa mingi."

Chepngetich akavua miwani.

"Gitau, ni kweli?"

"Madamu, kulikuwa na utaratibu." Alikuwa akiongea haraka sasa. "Hakukuwa na chakula, hakukuwa na orodha. Na zile kuku zilikuwa zimeisha kazi. Zilikuwa zimemaliza kutaga."

Akaale alimsogelea mpaka wakawa uso kwa uso, yeye na kichwa chake chenye mvi, kijana na shati lake lililolowa.

"Hata mimi nimemaliza kuzaa, Gitau," akasema. "Nichimbie shimo."

Kisha akaenda bustanini, akaanza kuinua zile sukuma mbili alizokanyaga Gitau.