Wafu wa Gogo Nuala

Jumapili jioni, Denise akishaipua sombe, yaani kisamvu cha kwao, wafu wa Gogo Nuala huingia kwa mlango wa jikoni wakipangusa viatu. Gogo, yaani bibi kwa lugha ya huku kusini, ndiye mwenye nyumba hii ya mtaa wa Troyeville. Denise, msusi kutoka Kongolo, amepanga chumba cha nyuma. Wafu hao ni wa kamji kadogo kando ya mto huko Ayalandi, alikozaliwa Gogo. Wakishapewa chai huanza kusimulia historia ya mji huo: daraja lililojengwa mara mbili, mafuriko yaliyobeba jeneza mpaka mlangoni mwa baa, nani aliiba kengele ya kanisa. Kuhusu kengele hubishana mpaka chai inapoa.

Hayo Denise angeyavumilia. Kilichomkaba roho ni mamake Gogo, anayesimama nyuma ya kiti akimchana bintiye nywele na kumwita mtoto. Mtoto gani wa miaka themanini! Wivu ulimpanda Denise mpaka masikio yakawaka. Yeye anasuka vichwa vya watu kutwa, na chake kimefungwa kitambaa tangu afariki mama yake, Thérèse, aliyekuwa akimsuka. Hakwenda kumzika; angetoka bila karatasi, asingeruhusiwa kurudi. Kwani Kongolo haina mto? Ina Lualaba, si kijito cha kuruka! Kila Jumapili humtengea mama sahani, na kila Jumapili sahani hulala ilivyo.

Siku moja uzalendo ukamshinda, akawauliza wafu wanafikaje huku.

"Ninyi munakuyaga na ndege?"

"Kwa miguu, binti," alijibu marehemu mmoja, mzee aliyekuwa msaga ngano. "Mama yako tumempita mpakani, kwenye foleni. Anadaiwa karatasi."

"Na ninyi mulionyesha nini?"

Mzee akafikiri. "Hakuna aliyetuuliza."

"Eish," alisema Denise. Akabamiza kifuniko cha sufuria, akajaza sombe kwenye bakuli la plastiki. "Basi mumupelekee."

Jumapili iliyofuata bakuli lilirudi tupu, limeoshwa.

"Anasema mawese yamezidi," alisema msaga ngano. "Tena anauliza kwa ukali, kichwa chako umempa nani?"

"Mumwambie hakuna mutu amekigusa. Na foleni?"

"Iko palepale."

Gogo alikuwa amefumba macho chini ya kitana. Denise alimtazama, akasonya. Kisha akakaza kitambaa chake, akaengua mafuta ya juu, akajaza bakuli tena.