Vipimo vya Mama wa Shaba

Jumanne asubuhi fundi cherehani alipanda ngazi, pini tatu mdomoni, futi shingoni, akapima kifua cha sanamu. Kamati ilimtaka ashone kitambaa cha kuifunika hadi uzinduzi wa Jumamosi, na yeye si mtu wa kukadiria kwa macho. Kifua kilikuwa inchi arobaini na nne. Alipopima tena kuhakikisha, kikawa arobaini na mbili.

Hapo akajua ni nani. Mama yake, kila akipimwa gauni, alikuwa akibana pumzi aonekane mwembamba, kisha gauni likimkaba lawama zote kwa fundi.

"Mama, pumua," alimwambia. "Nisije nikashona mara mbili."

Sanamu ikapumua. Fundi akaandika arobaini na nne.

Sanamu yenyewe ilikuwa ya mtaa mzima. Miaka ishirini nyuma mtaa ulibomolewa yajengwe maegesho ya magari, na sasa, maji yakiwa yameshamwagika, wakubwa waliona vyema kuwe na kumbukumbu. Kila aliyewahi kuishi pale aliombwa alete kitu cha shaba kiyeyushwe. Watu walileta mabomba, makufuli, vitasa vya milango isiyokuwepo. Fundi alileta subana ya mama yake, ile kofia ndogo ya kidole ya kuzuia sindano. Msanii alikuwa amekusudia mzee mwenye jembe, lakini alipovunja kalibu akamkuta mama mnene mwenye gauni. Alisema shaba nayo ina yake, akaosha mikono akaenda kula.

Subana ndiyo pekee iliyopatikana kwenye kifusi. Siku ya bomoabomoa mama alisimama mlangoni akasema hatoki, na tingatinga likapita. Hakuonekana tena, wala hakuna kaburi. Jalada la ofisini linasema alihama. Na kibao cha sanamu, fundi alikisoma kwa macho yake, kiliandikwa: KWA HESHIMA YA WAKAZI WALIOHAMA KWA HIARI YAO.

Jumatano alikwenda kwa karani wa kamati kuomba maneno yale ya hiari yatolewe. Karani, mtu wa adabu zake, alimpa kiti na kumpa pole.

"Dada yangu, kikao kimeshapitisha," alisema.

"Basi kikae tena. Mama yangu hakuhama."

Karani alisema hilo analielewa kabisa, akafunga jalada. Fundi alilia kwenye ngazi za ofisi, akalia hasa, watu wakipita. Kisha akarudi kumalizia pindo, maana kazi ni kazi.

Jumamosi kitambaa kilivutwa, na juu ya jukwaa, pale pembeni mwa maegesho, hapakuwa na kitu. Sanamu ilikuwa imesimama hatua arobaini mbali, kati ya gari jeupe na pikapu, mkono mmoja umeegemea mwimo wa mlango usioonekana. Mwenyekiti aligeuka upande ule akaendelea na hotuba. Watu wakapiga makofi.

"Si alisema hatoki," jirani mmoja wa zamani alimwambia fundi.

Kreni iliirudisha mara tatu, na mara tatu ikakutwa palepale ulipokuwa mlango wake. Wiki ya nne walichora mstari wa njano kuizunguka, na nafasi moja ya kuegesha ikafutwa. Madereva walizoea. Wengine humwamkia kabla ya kurudi kinyumenyume, wasije wakamgonga mtu mzima. Karani, asiyependa mambo nusunusu, aling'oa kibao jukwaani akakikaza miguuni pa sanamu kwa skrubu nne, maneno yote yakiwemo.

Ijumaa, baada ya kazi, fundi huja kumfuta vumbi. Ijumaa ile ya kwanza baada ya kibao kukazwa alikuja na futi. Arobaini na mbili.

"Mama, pumua."

Alingoja mpaka pikapu ikaondoka. Akapima tena. Arobaini na mbili. Akakunja futi, akaitia mkobani, akarudi nyumbani.

Hupima kila Ijumaa, kibao kingali miguuni pake. Mpaka leo, arobaini na mbili.